Jinsi ya kutafsiri "yard" bila kuchapia

Wakuu, hii ni kwa nyie mnaotafsiri sabtaito za muvi, makaratasi ya ujenzi na kazi zingine za mitandaoni. Yard ni kaneno kadogo ila kanaharibu kazi za watu kila siku, maana ukifungua kamusi unakuta "yadi, ua", mtu anaokota mojawapo anabandika anasonga mbele. Mimi huwa naenda kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: kuna namba hapo?

Ikiwepo namba, mara nyingi ni kipimo, futi 3, ambacho tangu makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza na wenzao ni mita 0.9144 kamili. Sasa usikimbilie kikokotoo. Kwenye vitenge acha yadi kama ilivyo, kitenge ni yadi 6, ukiandika mita 5.49 hakuna mama wa dukani atakuelewa. Kwenye soka penati watu wameizoea kwa mita 11 lakini boksi wote tunaita "kumi na nane", na hiyo 18 ni yadi, kwahiyo ukikuta mchezaji ameangushwa ndani ya 18-yard box andika tu ndani ya kumi na nane. Futiboli ya Kimarekani ndo usiguse kabisa, timu inapewa nafasi nne kusogea yadi 10, ukigeuza kuwa mita 9.14 mchezo wote unavurugika.

Mitego miwili hapa. Wa kwanza ni zege: fundi wa Marekani akisema aletewe 10 yards anamaanisha yadi za ujazo, yaani kama mita za ujazo 7.6, sio urefu. Wa pili ni kwa madalali wa fedha za kigeni, kwao yard moja ni bilioni moja, limetokana na milliard, so ukisoma jamaa kanunua half a yard ya dola ujue ni milioni 500. Mtaani Marekani pia yard inaweza kuwa dola 100. Angalia nani kashika hela.

Hatua ya 2: nani anaongea na katokea wapi?

Hapa tukae kidogo maana ndo penye kazi.

Mmarekani akisema yard anaongelea eneo linalozunguka nyumba yake, mara nyingi lina majani yaliyokatwa vizuri, na garden kwake ni pale alipopanda maua au mboga. Mwingereza lile eneo la majani nyuma ya nyumba ndo analiita garden, na yard kwake ni kaeneo kalikosakafiwa, hata mti hakuna. Kwahiyo muvi ya London na muvi ya Texas haziwezi kupata tafsiri moja. Ya Texas, baba anamwambia dogo akashughulikie the yard, andika "kakate majani nje", imeisha. Watoto wanacheza in the yard? "Wanacheza nje", au kama kuna ukuta "wanacheza ndani ya geti", Mkenya atakwambia kwenye compound.

Kuhusu "ua" muwe makini. Ukiandika "alisimama kwenye ua" kuna msomaji atawaza ua la waridi. Ukikimbilia "uani" nako kuna balaa lake, maana kwetu kwenda uani ni lugha ya adabu ya kwenda chooni, sasa picha inaonesha jambazi kajificha nyuma ya nyumba na bunduki afu chini pameandikwa "ameenda uani", watu watacheka sehemu ya kuogopa. Andika "nyuma ya nyumba".

Mjamaika ni habari nyingine kabisa. Kwake yard ni nyumbani, na akiwa ughaibuni yard ni Jamaika yenyewe. Hilo limekuja toka maisha ya Kingston, sehemu kama Trenchtown, vyumba vimezunguka eneo moja la wazi, jiko na choo mnashea, kama zile nyumba zetu za kupanga za uswahilini. Akisema yupo a yard, wewe andika "nipo home".

Hatua ya 3: limeganda na neno gani?

Usilibandue. Graveyard ni makaburini, vineyard shamba la mizabibu, shipyard karakana ya meli, junkyard ni kwa watu wa skrepa. Prison yard ni uwanja wa ndani ya gereza, pale wafungwa wanapoota jua. "Yadi" ya Kiswahili ibakize kwa yadi ya magari, hiyo watu wanaijua. Scotland Yard acha hivyo hivyo, ni makao makuu ya polisi wa London, jina lilitokana na mtaa uliokuwa nyuma ya ofisi yao ya kwanza ya 1829, kwahiyo usije ukaandika "uwanja wa Scotland" ukakuta umepeleka stori kwenye mechi.

Hatua ya 4: tupo baharini?

Kwenye muvi za maharamia yard ni ule mti unaobeba tanga. Watu wa pwani wana jina lake tangu zamani, foromali. Mtu anatishiwa kunyongwa from the yardarm, andika "tutakutundika kwenye foromali". Mtazamaji wa bara akikwama, picha itamsaidia.

Hatua ya 5: misemo

The whole nine yards ni "kila kitu, mwanzo mwisho", hakuna tisa wala yadi. Not in my backyard, ya wale wanaotaka dampo lijengwe ila kwa jirani, weka "sawa, ila sio huku kwetu".

Ukimaliza, kwenye faili lako tafuta "yadi" na "ua" moja moja, na kila inapotokea rudisha video sekunde kadhaa nyuma uangalie wamesimama wapi. "Ua" itakuletea na "unaua" na "chukua" humo humo, vumilia tu.