Kuhamisha Epydoc kutoka Python 2 kwenda Python 3

Epydoc ni chombo kinachotengeneza kurasa za nyaraka kutokana na maelezo yaliyo ndani ya kodi ya Python. Toleo lake la 3.0.1 lilitoka mwaka 2008, likaandikwa kwa Python 2 pekee. Python 2 yenyewe iliachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, ilhali maelezo mengi yaliyoandikwa kwa alama za Epytext (mtindo wa Epydoc wa kuandika maelezo hayo) bado yanahitajika. Kazi hii inawezekana ukifuata mpangilio.

Hatua ya 1. Usiguse kodi kwanza. Endesha Epydoc kwa Python 2.7 juu ya mradi mdogo na uhifadhi kurasa za HTML zinazotoka. Hizo ndizo kipimo: kila ukirekebisha kitu, linganisha kurasa mpya na hizo kwa `diff`, amri inayoonyesha tofauti za faili. Bila kipimo hiki utakuwa unabahatisha.

Hatua ya 2. Endesha `2to3 -w epydoc/`, chombo cha kugeuza kodi ya Python 2 iwe ya Python 3, ukitumia Python 3.12 au ya nyuma yake, kwani chombo hicho kiliondolewa kuanzia 3.13. Kitanyoosha `print`, `except`, `unicode` na majina ya moduli kama `ConfigParser`.

Hatua ya 3. Tafuta `__cmp__`, methodi ya kulinganisha vitu. Python 3 haiiti tena, kwa hiyo andika `__eq__` na `__lt__`. Ukiandika `__eq__`, andika na `__hash__` hapohapo, la sivyo vitu vya klasi hiyo havitakubali kuwa funguo za kamusi.

Hatua ya 4. Faili za kodi zifungue kwa `tokenize.open()`, inayosoma tangazo la usimbaji lililo juu ya faili. Unapoandika HTML, taja `encoding="utf-8"`.

Hatua ya 5. Hapa tulia, maana chombo cha nyaraka huishi kwa kuchungulia kodi ya wengine. Katika Python 2, `inspect.ismethod(Klasi.f)` hujibu `True`, katika Python 3 hujibu `False`, kwa sababu `f` sasa ni funksheni ya kawaida. Programu hailalamiki. Ukurasa unatoka vizuri, lakini methodi zinaweza kuwekwa pasipo pake, na `diff` ndiyo itakayokuonyesha. Kisha ondoa `inspect.getargspec`, iliyofutwa katika 3.11, uweke `inspect.signature`. Moduli ya `imp` nayo ilifutwa katika 3.12; tumia `importlib`.

Hatua ya 6. Kwa wanaotumia reStructuredText (mtindo mwingine wa kuandika maelezo): docutils mpya, maktaba inayousoma, hukataa `child.data`. Badilisha iwe `child.astext()`.

Kama huna mtu wa kuitunza kodi hii baadaye, nakushauri uiache na utumie pydoctor, chombo kingine cha nyaraka, kinachosoma Epytext na kufanya kazi kwenye Python 3:

`pydoctor --docformat=epytext mradi/`