Amua aina ya kipimo kabla ya kuchapisha hojaji

Assalamu alaykum. Kila msimu wa tasnifu naletewa hojaji zilizokwisha jazwa, na mwenyewe anataka wastani wa kitu ambacho hakukiuliza kwa namba. Hapo huwa hapana dawa, na inaniuma, maana mkulima wa Micheweni aliyekupa saa yake moja hutompata tena. Basi lisome somo hili mapema. Mfano wetu ni utafiti wa wakulima wa karafuu Pemba.

Hatua ya 1. Andika unachotaka kujua, kila kitu na mstari wake: wilaya, daraja la karafuu, mwaka uliopandwa mkarafuu, kilo zilizouzwa.

Hatua ya 2. Kila mstari uulize masuali matatu.

Majibu yana juu na chini? Kama hayana, ni kipimo cha majina. Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani ukizipa namba 1 mpaka 4 kwenye kompyuta, Mkoani haiwi mara nne ya Wete. Hesabu wangapi, toa asilimia, tafuta modi (jibu lililotajwa na wengi zaidi), basi.

Masafa baina ya jibu na jengine ni sawa? Karafuu za daraja la kwanza ni bora kuliko za pili, na za pili kuliko za tatu, lakini hatujui ubora umeshuka kwa kiasi gani kila mara. Hicho ni kipimo cha ngazi, tumia mediani (jibu la katikati ukiyapanga yote kutoka chini mpaka juu).

Sifuri yake ina maana ya "hakuna"? Hapa ndipo wengi wanapobabaika. Mapinduzi yalikuwa 1964 kwa Miladia na 1383 kwa Hijria: siku ni ile ile, namba mbili, kwa kuwa kila kalenda ina pake ilipoanzia. Mwaka ni kipimo cha vipindi. Ukitoa mmoja kwa mwengine unapata muda uliopita. Ukigawanya mwaka kwa mwaka hupati kitu. Joto nalo ni hivyo: nyuzi 30 za sentigredi si maradufu ya nyuzi 15. Kilo ni mbali. Sifuri ni gunia tupu, na aliyeuza kilo 80 kauza mara mbili ya aliyeuza 40. Hicho ni kipimo cha uwiano.

Mgawanyo huu wa vinne aliutoa Stanley Smith Stevens wa Marekani mwaka 1946. Wanatakwimu wengine wameupinga, lakini kwa anayeanza sijaona ngazi bora ya kupandia.

Hatua ya 3. Uliza kwa kipimo cha juu kadiri utakavyoweza (majina ndiyo chini kabisa, kisha ngazi, vipindi, na uwiano juu). Ukiandika "umri: 18–30, 31–45, 46 na zaidi", umri wenyewe umeshaupoteza. Uliza "una miaka mingapi?", makundi utayapanga baadaye. Kipato tu ndicho ninachokubali kiulizwe kwa mafungu, kwani watu huona uzito kukitaja.

Hatua ya 4. Tenganisha vya kuhesabu (mikarafuu 12) na vya kupima (kilo 7.4).

MASUALI

Suali: Maalim, nimeuliza "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa", ngazi tano. Msimamizi anataka wastani.

Jibu: Kwa suali moja peke yake, toa mediani na asilimia. Ukijumlisha masuali kadhaa yanayopima jambo moja, watafiti wengi huichukulia jumla hiyo kama kipimo cha vipindi. Mweleze hivyo kwa adabu, na uandike kwenye tasnifu ulichoamua.

Suali: Wachumaji wananitajia pishi (kipimo cha ujazo), si kilo.

Jibu: Iandike pishi kama ilivyo. Bado ni uwiano, almuradi pishi zenyewe ni za ukubwa mmoja. Usigeuze kuwa kilo mpaka upime pishi kadhaa kwa mizani, na utenge karafuu mbichi na kavu.

Suali: Na mwaka wa kupandwa mkarafuu?

Jibu: Utoe kwenye mwaka wa utafiti, upate umri wa mti, ambao una sifuri ya kweli. Lakini mzee akikwambia "huu ulipandwa baada ya Mapinduzi", usimbunie mwaka. Hapo umepewa kabla na baada tu, nayo ni ngazi.