Wachezaji wako wanataka kupindua serikali? Waachie, ila fanya hivi

Mwezi uliopita nilikaa na kijana mmoja anayeendesha kampeni yake ya kwanza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mtu mmoja husimulia hadithi na wengine huigiza wahusika wake; kampeni ni hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao. Wachezaji wake wamefika levo ya 8 (ngazi ya nguvu za wahusika wao), wamechoka kutumwa na mfalme kuua majoka, sasa wanataka kumng'oa wakae wao. Aliniuliza awazuieje. Uwazuie kwa nini? Kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978, mpiganaji akifika levo ya 9 aliruhusiwa kujenga ngome yake na kukusanya watu wa kumfuata. Utawala umo ndani ya mchezo huu tangu zamani. Mambo ya ramani na majina ya miji nayaruka, hayo unayajua.

Hatua ya 1: Waulize. Wanataka kunyakua tu, au na kutawala? Kama ni kunyakua tu, maliza kampeni usiku wa mapinduzi, kila mtu arudi kwao akiwa na furaha.

Hatua ya 2: Kivunje kiti cha mfalme vipande vitano. Hapa ndipo nilipoumia. Kwenye kampeni yangu ya kwanza walimchoma mfalme kisu, nami nikasema, "Hongereni, nchi ni yenu." Kikao kilichofuata tulitazamana karibu saa tatu nzima. Nilikuwa nimemwandika mfalme, sikuwaandika waliomfanya awe mfalme. Nikajaribu kuokoa jahazi kwa jedwali la kompyuta: kodi, mavuno, magunia ya mtama. Kampeni ikafa rasmi. Tangu siku hiyo jedwali haliji mezani kwangu. Kadi za karatasi ngumu na penseli, basi, maana utafuta sana.

Chukua kadi tano. Kila kadi ni mtu mwenye jina na sura. "Jeshi" haliwezi kuja kunywa kahawa na wachezaji, lakini jemadari mwenye jino bovu anaweza. Mmoja ashike askari, mwingine ghala la chakula, mwingine bandari, mwingine awe ndiye anayemtawaza mfalme, na wa tano atoke nje ya nchi. Andika anachoshika, anachotaka na anachoogopa. Pembeni weka namba ya utii, kuanzia -2 hadi +2.

Hakikisha kadi mbili zinagombana. Jemadari anadai mishahara ya miezi minne, tajiri wa bandari anataka ushuru upunguzwe: hapo umeshapata vikao vitatu bila kuandaa kitu.

Kuna mchezaji atakayetaka kumaliza yote kwa uchawi. Mruhusu. Kwa kanuni za mchezo za 2014, uchawi wa kumfanya mtu awe rafiki yako hudumu saa moja tu, na ukiisha aliyerogwa anajua alirogwa. Punguza utii wake kwa 2 na uendelee.

Huyo wa nje ndiye anayesahaulika kuliko wote. Kumbuka Unguja, Agosti 25, 1896. Sultan Hamad bin Thuwaini amefariki, Khalid bin Barghash anaingia kasri siku hiyohiyo akiwa na watu na mizinga. Ukihesabu waliomo ndani ya kuta, ameshinda. Lakini Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, na manowari zao zilikuwa hapo hapo bandarini. Wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Baada ya mabomu ya dakika 40 hivi alikuwa amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Zingatia kwamba manowari zilionekana na muda ulitajwa. Nawe fanya hivyohivyo. Ukimshushia mchezaji jeshi la kigeni ambalo hakuwahi kulisikia, hiyo si siasa, ni wewe umenuna.

Hatua ya 3: Usiku wenyewe. Uendeshe kama uvamizi wowote.

Hatua ya 4: Asubuhi yake. Kwa kila kadi rusha dadu mbili za pande sita, ujumlishe na utii. 10 au zaidi, anakuja kutoa heshima. 7 hadi 9, anasubiri na kutaja bei. 6 kushuka, anafunga lango lake. Rusha mbele ya macho yao. Wale wanaoficha dadu nyuma ya kadibodi siwaelewi, na kwenye jambo hili hasa siwaelewi kabisa.

Hatua ya 5: Kila kikao, kadi moja ibishe hodi. Moja tu. Zikija tatu umerudi kwenye jedwali.

Kijana alinipigia juzi. Jemadari alipata 5. Wachezaji wamo ndani ya kasri, askari wamekaa nje ya lango wanadai chao, na kikao kizima kimepita wakibishana nani avue pete yake iende kuuzwa.