Kudhibiti Minyoo katika Kundi la Mbuzi na Kondoo

Mazoea ya kunywesha kundi zima dawa ya minyoo kwa kufuata kalenda ndiyo yanayokuza minyoo sugu, kwa kuwa kila awamu huua wale dhaifu na kuwaachia uwanja waliozoea dawa. Ni afadhali kumtibu mnyama anayehitaji na kuwaacha wengine.

Mnyoo wa kuogopwa zaidi ni Haemonchus contortus, mnyonya damu akaaye katika tumbo la nne, ambaye jike lake hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Dalili zake kuu si kuhara, kama wengi wanavyodhani, bali ni upungufu wa damu na, hali ikizidi, uvimbe laini chini ya taya. Kwa hiyo anza na jicho. Mnyama akiwa penye mwanga wa jua, bonyeza ukope wa juu taratibu kwa kidole gumba, vuta chini ukope wa pili, kisha tazama utando wa ndani mara moja kabla haujabadilika rangi. Ukiwa mwekundu, mwache. Ukiwa umepauka, mtibu siku hiyohiyo. Kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, hupanga rangi hizo kuanzia 1 hadi 5. Msimu wa mvua, rudia ukaguzi kila baada ya wiki mbili, ukiwaangalia zaidi wadogo na majike yanayonyonyesha.

Dawa itolewe kwa uzito uliopimwa, si wa kukisia, kwani dozi pungufu hufundisha minyoo kustahimili. Ingiza bomba kwenye pembe ya mdomo hadi nyuma ya ulimi, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa au nyama. Kinyesi kikipimwa kabla ya tiba na siku 14 baadaye, na idadi ya mayai ikawa imepungua kwa chini ya asilimia 95, muulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya jamii nyingine.

Malishoni, viluwiluwi vingi vya minyoo, yaani minyoo michanga, hukaa chini karibu na udongo, hivyo wahamishe wanyama kabla nyasi hazijafupika chini ya sentimita 10. Ng'ombe wakubwa wakilishwa hapo kwa zamu husaidia, maana minyoo mingi ya kondoo haistawi ndani yao. Epuka mabwawa yenye konokono, wabebaji wa minyoo bapa wa ini.

Mnyama mgeni atibiwe na kutengwa hadi kinyesi chake kithibitishwe kuwa hakina mayai.