Kupandisha bendera ya Taifa kwenye ukungu na upepo wa nyanda za juu

Kwanza angalia upande. Bendera yetu ya Tanzania, ya mwaka 1964, huwa na kijani juu, karibu na mlingoti, na bluu chini upande wa nje. Mkanda mweusi wenye kingo za njano hupanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti. Ukiona mkanda unashuka kutoka mlingotini, umeifunga kichwa chini. Kosa hili hutokea kwa haraka ya asubuhi, na ni la aibu, maana weusi ule ndio watu wenyewe.

Mlingoti wa mita 6 unahitaji kamba ya mita 13 hivi: urefu mara mbili, na ziada ya kufunga. Chagua nailoni. Katani ikilowa kwa ukungu wa Mufindi au Makete huvimba, ikakwama kwenye kapi, yaani kigurudumu cha kileleni kinachopitisha kamba, bendera ikiwa katikati, na watu watadhani kuna msiba.

Pandisha saa 12 asubuhi, kwa kasi. Shusha saa 12 jioni, taratibu, isiguse ardhi. Siku ya maombolezo ifikishe kwanza kileleni, ndipo uirudishe nusu mlingoti. Jioni, kabla ya kuishusha, ipandishe tena hadi juu.

Ikiwa imelowa usiikunje. Ianike ndani, la sivyo itaota kuvu. Upepo hula ukingo wa nje kwanza: nyuzi zikianza kuchomoza, pinda na ushone mara mbili siku hiyohiyo. Iliyopauka au kuchanika haipandishwi kabisa.