Somo: Kuitunza lulu isichubuke wala kufifia

Lulu ni laini. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, iko kati ya 2.5 na 4.5, ilhali chembe za mchanga zilizomo kwenye vumbi hufika 7. Ukiifuta kavu ikiwa na vumbi, umeipiga msasa.

1. Lulu huvaliwa mwisho na kuvuliwa mwanzo. Jifukize udi, jipake mafuta, jipulizie manukato, yakauke kwanza. Lulu ni chokaa ileile ya kombe, kwa hiyo jasho, siki na ndimu huila. Mng'ao ukishaliwa, hakuna kusugua kutakakourudisha.

2. Ukishaivua, chukua kitambaa laini cha pamba, kiloweshe, kikamue, pitisha punje moja moja, hasa upande unaogusa shingo. Ikiwa na mafuta, tia matone mawili ya sabuni isiyo kali kwenye bakuli la maji vuguvugu na utumie kitambaa hichohicho. Mkufu wenyewe usiutumbukize. Ulaze juu ya taulo hadi asubuhi. Usiutundike, kwani uzi wa hariri ukilowa huvutika.

3. Iweke peke yake kwenye mfuko wa kitambaa, mbali na dhahabu na ncha za herini.

4. Kagua uzi. Vuta punje mbili taratibu: ukiona uwazi kati ya punje na fundo, au weusi karibu na kifungio, mpelekee sonara autunge upya. Kwa anayevaa kila wiki, mara moja kwa mwaka inatosha. Sisitiza fundo kati ya kila punje. Wengi huliruka ili wamalize upesi, kisha punje zinasagana, na uzi ukikatika zote zinamwagika.

MASWALI

— Naweza kutumia dawa ya meno?
Hapana, ina chembe za kukwaruza. Magadi pia usiguse.

— Herini zangu ni lulu nusu za Zanzibar. Nazo ni hivyo hivyo?
Zifute tu, dada, tena kitambaa kiwe kimekamuliwa sana. Lulu nusu huota imegandamana na kombe la chaza. Hukatwa, uwazi wake hujazwa, na nyuma hubandikwa kipande cha kombe kwa gundi. Maji yakipenya kwenye kiungo hicho, gundi hulegea.

— Punje ya pete imechomoka. Nibandike na gundi ya dukani?
Ile inayoshika papo hapo ni kavu mno, ukigonga kidogo inaachia. Sonara akwangue gundi ya zamani kwenye kijiti cha pete kinachoshika punje, atie epoksi, na usiivae kwa saa 24. Na kabla ya kuosha vyombo, ivue.