Pumzi ikikata, tazama na mapaja
Ndugu mnaouguza mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, hasa mama aliyepikia kuni miaka mingi: akishindwa kupanda vilima vya Kabale, Uganda, msilaumu pumzi peke yake. Inflamesheni ya muda mrefu (uvimbe wa ndani unaoletwa na kinga ya mwili) humwaga kwenye damu kemikali zinazochangia kuvunja protini ya misuli. Misuli ya mapaja hudhoofika sana, na akikaa tu kwa kuogopa kuhema, inanyauka zaidi. Inaniuma kuona tunamwambia "pumzika, mama" kutwa nzima.

Daktari akiruhusu, aketi kwenye kiti imara, ainuke, akae, mara chache chache, apumzike, kisha arudie. Sahani isikose mukene (dagaa) au maharage. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja.